Kushika na Kuachilia: Historia ya Kifungio cha Ski



Leo nawaletea historia ya chombo kidogo ambacho wengi wetu hatujawahi kukigusa: kifungio cha ski, kile Wafaransa wanaita fixation. Theluji sisi tunaiona paka kwa mbali, juu ya Ruwenzori, siku mawingu yakikubali kufunguka. Lakini mimi nilisoma mekanika, na kuko vyombo vichache vinavyonifundisha kama hiki. Juu kinaombwa mambo mawili yenye kupingana: kishike muguu kwa nguvu, na kiuachilie kwa wakati wake. Kikikosea upande mmoja, muguu unavunjika. Kikikosea upande mwingine, mutu anaweza kufa.

Tuanzie Norwei. Kule watu walitembea na ski tangu zamani sana, na kwa muda murefu kifungio kilikuwa mukanda tu wa kupitisha vidole vya muguu. Kisigino kilibaki huru. Mahali pa tambarare hiyo ilitosha. Lakini ku mushuko, ski ilikuwa inageuka kule inakotaka yenyewe. Sondre Norheim, mutu masikini wa kijiji cha Morgedal katika Telemark, aliyezaliwa mwaka 1825, alisokota vijiti laini vya miti na kuvizungusha nyuma ya kisigino. Kwa mara hiyo muguu ukaanza kuamuru ski. Norheim aliweza kuruka, kukata kona na kusimama bila kupoteza mbao zake. Mwaka 1868 alienda kushindana Christiania, ambayo leo ni Oslo, na watu wa muji mukubwa wakashangaa kuona mutu wa zaidi ya miaka 40 anawapita vijana.

Kutoka Norwei ski ikaingia milima ya Alpes, na pale mishuko ni mikali zaidi. Mathias Zdarsky, wa Lilienfeld katika Austria, aliona vifungio vya Norwei havitoshi. Akatengeneza kifungio cha chuma chenye kushika kiatu vizuri kabisa, na mwaka 1896 akatoa kitabu cha kufundisha namna ya kushuka milima ya vile. Karibu na mwaka 1930, Guido Reuge wa Uswisi akaleta kifungio cha kable, kilichoitwa Kandahar: kable inazunguka kisigino, resori inaivuta, kisigino kinalala ku ski. Hapo mbio zikaanza kweli. Kazi ya kushika ilikuwa imekwisha.

Lakini miguu ndiyo ililipa deni. Fikiria mbao ya karibu metre mbili imefungwa ku muguu. Ncha yake ikikwama mu theluji wakati mwili unaendelea kwenda, mbao inageuka kuwa levye, yaani fimbo ya kuongeza nguvu. Ile nguvu yote inapanda mu botini na kuukamua mufupa wa muundi kama mutu anakamua nguo yenye maji. Mufupa unapasuka kwa kuzunguka. Kifungio hakikuharibika hata kidogo. Kilifanya kazi yake muzuri sana, na ndio ilikuwa matata.

Mutu mumoja wapo wa kwanza kuitafutia dawa alikuwa Hjalmar Hvam, muzaliwa wa Norwei aliyehamia Oregon, Marekani. Alikuwa bingwa, si mutu wa kujifunza. Mwaka 1937 alivunjika muguu ku Mount Hood. Akiwa angali mu kitanda cha hospitali, akafikiria kifungio ambacho sehemu ya mbele inajifungua yenyewe muguu ukikamuliwa kupita kiasi. Akakiuza kwa jina la Saf-Ski. Kiisha vita, Ufaransa na Ujerumani zikaingia mu kazi hiyo: Jean Beyl na kampuni Look ku Nevers, Hannes Marker kule Bavaria, na familia ya Salomon ku Annecy, ambayo ilianza na karakana ndogo ya kutengeneza misumeno na makali ya ski.

Hapa ndipo mimi nainua kofia. Kifungio chenye kujifungua ni sawa na fizible ya umeme mu nyumba. Fizible ikiwa dhaifu, inakatika kila saa na unabaki mu giza. Ukichoka, ukaweka waya munene wa shaba, haitakatika tena, lakini nyumba itaungua. Watelezaji nao walifanya vilevile: kifungio kikiwatupa ovyo, walikaza resori mupaka mwisho. Wakarudi kule kule kwa kuvunjika.

Kilichobadilisha mambo si chuma peke yake. Ni kuhesabu. Kuanzia 1972, Robert Johnson, Carl Ettlinger na Jasper Shealy walianza kuandika ajali za kituo kimoja cha ski cha Vermont, Marekani, mwaka kwa mwaka: nani ameumia, wapi, kifungio chake kilikuwa namna gani. Polepole vikatokea vipimo vya pamoja. Leo fundi anapima resori kwa kufuata uzito wako, urefu wako, umri wako, urefu wa soli ya botini yako, na namna unavyoteleza. Hasa kijana mwenye nguvu na muzee wa miaka 60 hawapewi namba moja. Mivunjiko ya muundi ikashuka sana. Lakini hesabu zilezile zikaonyesha jambo lingine: zile ligamenti za msalaba ndani ya goti, ambazo wachezaji wa mpira wanaziogopa, ziliendelea kukatika. Kifungio kilitengenezwa kulinda mufupa. Goti halikuwa mu mahesabu yake.

Sasa tupande juu zaidi. Mwaka 1967 Muswisi Sylvain Saudan alishuka na ski Couloir Spencer, karibu na Chamonix, mufereji wa theluji wenye mushuko wa karibu digri 50. Baadaye alishuka Eiger, na mwaka 1982 Hidden Peak, mulima wa zaidi ya metre 8.000. Mahali pa vile, hesabu ya fizikia haina huruma. Chukua mushuko wa digri 45 wenye theluji ngumu, na msuguano mudogo wa 0,1. Kiisha sekunde 3 za kuanguka, mutu amefika karibu kilometre 65 kwa saa. Hakuna tena kujishika na mikono.

Kwa hiyo pale juu swali linageuka. Kule chini, kifungio kinachofunguka kinakuokoa. Kule juu, ski ikitoka kabla ya wakati, mu kona moja tu, ndiyo inakuangusha. Miaka ya 1980 Fritz Barthel wa Tirol alitengeneza kifungio chepesi chenye kushika botini kwa pini ndogo za chuma. Mbele kina levye ambayo mutu anaweza kuifunga kabisa wakati wa kupanda. Watelezaji wengi wa mishuko mikali wanashuka wakiwa wameifunga vilevile, juu wanaogopa kupoteza ski kuliko kuvunjika muguu. Wanajua wanachokitoa: maporomoko ya theluji yakiwakuta, zile ski zisizotoka zinawavuta chini kama nanga.

Wengine watasema huo ni wazimu. Mimi siwahukumu. Wamelinganisha hatari mbili, wakachagua moja wakijua jina lake. Aliyekaza resori kwa sababu tu amechoka kuanguka hakuchagua kitu.

Ndio maana neno “imara” linanisumbua tukiwa tunalitumia mu kazi zetu. Tunasema kitu ni imara tukimaanisha hakifunguki, hakikatiki. Hii historia ya miaka mia moja na zaidi inasema hapana. Wandugu mainjiniya, siku utakapotia saini ku kitu kitakachobeba watu, andika pia kitaachilia ku namba gani, na namba hiyo ilipimwa ku miguu ya nani.