Nguzo ya Usukani

Mtu akitaka kujua gari la zamani limeishi maisha gani, kwa kawaida hufungua boneti na kuitazama injini. Mimi huinama chini ya usukani. Injini hubadilishwa, bodi hunyooshwa na kupigwa rangi, lakini lile bomba la chuma linaloshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye boksi la stelingi, ambalo humu nitaliita nguzo ya usukani, hakuna anayejishughulisha kulipamba. Kwa hiyo alama zote hubaki pale: mshono wa kuchomelea, tundu lililotobolewa upya, bolti isiyofanana na wenzake. Hapa kwetu Dodoma nimezitazama nguzo nyingi za namna hiyo, na moja kati ya hizo naijua tangu ujana wangu. Ilikuwa ya Land Rover ya mjomba wangu.

Ili niieleze, ndugu msomaji, sina budi kuanzia Kongwa, kwani huko ndiko mjomba alikojifunza kushika spana.

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, aje kutazama kama karanga zingeweza kulimwa huku kwa wingi. Alirudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Mwenye kuifahamu Kongwa anajua kilichofuata. Mibuyu haikung'oka kirahisi, mvua haikutii ratiba, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji. Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara iliyotajwa ilikuwa pauni milioni 36 hivi. Hayo yameandikwa sana, tena mara nyingi kwa kicheko.

Kinachosahauliwa ni karakana. Matrekta mapya hayakutosha duniani, kwa hiyo yakanunuliwa yaliyotumika, mabaki ya vita, na mengi yaliharibika muda mfupi baada ya kufika. Kiwanda cha Vickers huko Uingereza kilichukua vifaru vya aina ya Sherman, kikaving'oa mizinga na silaha, kikavigeuza matrekta yaliyopewa jina la Shervick. Sasa kifaru cha Sherman hakina usukani hata kidogo. Dereva huvuta mikono miwili ya chuma, wa kushoto akitaka kwenda kushoto na wa kulia akitaka kwenda kulia. Mjomba, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, aliwekwa kwenye karakana kuosha vyuma kwa dizeli, baadaye kushika taa, na mwishowe kufungua na kufunga. Alikuwa akituambia kwamba pale Kongwa alijifunza jambo moja ambalo Wazungu wenyewe hawakukusudia kumfundisha: kwamba mashine si msahafu. Ikiwa kifaru kinaweza kugeuzwa jembe, basi hakuna chuma kilichoumbwa ili kibaki kilivyo.

Wakati huohuo Land Rover ilikuwa inazaliwa. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa akitumia Jeep ya jeshi shambani kwake, akaona kampuni yake ingeweza kuunda kitu cha namna hiyo. Gari la majaribio la mwaka 1947 lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep, na usukani wake uliwekwa katikati, kama wa trekta, ili gari lilelile liuzwe katika nchi za kushoto na za kulia. Wazo hilo halikudumu. Dereva aliyeketi katikati aliwabana wenzake. Lakini ukiitazama kwa makini Land Rover ya zamani utaona wazo lile halikufa kabisa. Ule ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva una nafasi za pedali pande zote mbili, upande usiotumika ukiwa umezibwa kwa kibati. Gari lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na haukupita muda mrefu likawa limeenea Tanganyika, likitumiwa na mabwana shamba, wamisheni, mapolisi na wapimaji ardhi.

Dodoma ilikuwa mahali pake hasa. Mji huu ulikuwa njia panda. Reli ya kati ilipita kutoka mashariki kwenda magharibi, na ile barabara kuu ya zamani ya kutoka kusini kwenda kaskazini ilipita hapa ikitokea Iringa kuelekea Kondoa, Babati na Arusha. Niliposema barabara usifikiri lami. Lami ya kutoka Dodoma hadi Babati ilikamilika na kuzinduliwa mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo kulikuwa na vumbi, makorongo, mito ya mchanga, na mbuga za udongo mweusi ambao wakati wa masika hushika gurudumu kama mkono wa mdai. Gurudumu la mbele likiingia korongoni, pigo lake hupanda kwa fimbo za stelingi hadi kwenye boksi, na kutoka hapo hupanda nguzo hadi mikononi mwa dereva. Ndiyo maana madereva wa zamani walifundishwa kuweka vidole gumba nje ya usukani, wasije wakavunjwa. Mjomba alikuwa na kidole gumba kimoja kilichopinda. Hakuhitaji kutueleza kwa nini.

Gari lake alilinunua mnadani mwaka 1974, la miaka ya sitini, lenye chesisi ndefu. Lilikuwa limetoka upande wa Burundi, ambako hupita kulia, kwa hiyo usukani wake ulikuwa kushoto. Mwaka uliotangulia ilikuwa imeamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na malori ya vifaa vya ujenzi yalikuwa yameanza kujaa njiani. Kulipita lori katika vumbi ukiwa umeketi kushoto, katika nchi inayopita kushoto, ni kucheza bahati nasibu, maana humwoni anayekuja. Utingo ndiye anayechungulia na kusema "Twende!" Mjomba alisema hawezi kukabidhi roho yake kwa kijana anayesinzia. Mwaka 1975 alifungua kile kibati cha upande wa kulia, akahamisha pedali, akahamisha nguzo na boksi lake, akageuza mikono ya fimbo za mbele, na palipokuwa na pedali za zamani akapaziba kwa kibati kilekile. Hiyo ndiyo alama ya kwanza.

Alama ya pili ni ya miaka ambayo wasomaji wa rika langu hawahitaji kukumbushwa. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilichukua magari na fedha, bei ya mafuta ilipanda, na fedha za kigeni zikawa kama maji ya kiangazi. Spea hazikuwapo. Bushi ya juu ya nguzo, ile inayoizuia shafti isicheze ndani ya bomba lake, ilipokwisha, mjomba alikata ngozi ya ng'ombe, akailoweka kwenye mafuta siku kadhaa, akaikunja na kuipachika. Ugogoni hatujawahi kukosa ngozi. Usukani ukatulia, ukawa hata kimya kuliko zamani. Nimeyaona maarifa ya namna hiyo Mpwapwa, Manyoni hata Singida, na mara nyingi husifiwa kama werevu wa Mwafrika. Mimi sipendi sana sifa hiyo. Mjomba alitumia ngozi kwa sababu duka lilikuwa tupu. Angepata bushi ya dukani angeinunua siku ileile.

Alama ya tatu ndiyo nzito. Mwaka 1982 gari lilitumbukia korongoni upande wa Kondoa na shafti ya ndani ikapinda. Hapakuwa na nyingine ya kubadilisha. Alikata kipande kilichopinda, akaweka kipande kutoka gari jingine, akachomelea. Kuchomelea shafti ya usukani ni jambo ambalo fundi yeyote mwenye akili huliogopa, kwa sababu moto hubadilisha chuma, na mshono ukiachia, dereva hubaki na usukani mkononi huku gari likienda linakotaka. Kwa hiyo hakutegemea mshono peke yake. Alivisha bomba fupi nene juu ya maungio, akatoboa matundu kukatisha bomba na shafti, akapigilia pini, ndipo akachomelea miisho. Ilimchukua siku tatu. Gari likaendelea kutembea, na mjomba alipofariki mwaka 2009 lilikuwa bado linatembea.

Hapa ndipo nifike kwenye mzozo wa familia yetu, ambao ulikuwa juu ya nguzo hiyo hasa.

Gari lilirithiwa na binti wa mjomba, ambaye mimi humwita dada. Ni mkunga. Hulitumia kwenda vijijini, na mara nyingi hurudi usiku akiwa na mama mjamzito nyuma. Mwaka 2019 alituambia kwamba anataka nguzo ya usukani iondolewe na kuwekwa ya kisasa, pamoja na boksi la stelingi linalosaidiwa na pampu ya mafuta, vyote kutoka pikapu ya Kijapani iliyokuwa chuma chakavu. Mama yake alikataa katakata. "Baba yako alilala chini ya gari hili siku tatu," alisema, "nanyi mnataka kuuza mikono yake kwa kilo." Fundi wetu, mzee ambaye alikuwa mwanafunzi wa mjomba, naye alinyamaza kwa namna iliyoonyesha yuko upande wa mama.

Dada hakuwa analalamikia uzito wa usukani tu. Miaka ya sabini rafiki mmoja wa mjomba, dereva wa lori, aligongana uso kwa uso na lori jingine. Sehemu ya abiria haikubondeka sana, lakini nguzo ya usukani ilirudi nyuma ikamkuta kifuani. Nguzo za zamani zilikuwa hivyo: chuma kimoja kigumu, hakina mahali pa kujikunja. Huko Marekani na Ulaya vifo vya namna hiyo vilizidi mpaka wahandisi wakalazimika kufikiri upya. Béla Barényi wa Mercedes-Benz alikuwa miongoni mwa waliobuni nguzo inayokubali kubonyea. General Motors waliweka nguzo za namna hiyo kwenye magari yao ya mwaka 1967, na kuanzia Januari 1968 sheria ya Marekani ikayataka magari madogo mapya yawe na usukani usiomuua dereva kwa kifua chake mwenyewe. Siri yake ni rahisi: bomba moja huingia ndani ya jingine likisukumwa, na pigo huishia humo.

Dada alimjibu mama yake kwa sauti ya chini. "Mama, baba alilala chini yake. Mimi ndiye ninayekaa mbele yake."

Hapo mama alinyamaza. Kesho yake alitoa ruhusa kwa sharti moja, kwamba usukani wenyewe, ule mduara ambao mikono ya mumewe iliulainisha, usiondoke.

Kazi ilifanywa na yule mzee pamoja na mwanangu. Kijana alikuwa amesoma habari za wale Wamarekani wanaojiita watu wa hot rod, ambao tangu miaka ya arobaini, hasa California, wamekuwa wakichukua Ford za zamani, kuzishusha chini na kuzitia injini kubwa. Usukani nao wakaushusha, na hivyo wamekata na kuunganisha nguzo nyingi kuliko mtu yeyote. Nilicheka mwanzoni, maana wao hukata ili wapendeze na sisi tulikata ili tufike Kondoa. Lakini walikuwa na kanuni nzuri. Jointi yenye msalaba, kama ile ya propela shafti, isikunjwe sana, la sivyo usukani utakuwa mwepesi hapa na mzito pale. Jointi mbili zinatosha. Ukiweka ya tatu, lazima shafti ya kati ishikwe kwa beringi, ama sivyo itayumba. Mzee alisikiliza yote, akapima pembe kwa kamba na kipande cha ubao, kisha akahamisha boksi jipya mbele zaidi kwenye chesisi ili jointi zibaki mbili.

Nguzo ya zamani alikataa kuikata. Aliifungua bolti kwa bolti akaitoa nzima, akaiweka juu ya gunia, akaukwangua ule mshono wa mwaka 1982 kwa brashi ya waya na kuutazama juani kwa muda mrefu. Haukuwa na ufa. Pini zote zilikuwa mahali pake. Ndani, ngozi ya ng'ombe ilikuwa imekuwa nyeusi na ngumu kama kwato, lakini bado ilikuwa imeshika.

"Kazi ya mzee haina kosa," alisema. Nadhani angefarijika kama angeukuta ufa.

Mwanangu alichonga kipande cha kuunganisha usukani wa zamani na shafti mpya, kwa kuwa meno yake hayakulingana. Ndicho kipande kilichochukua muda mrefu kuliko vyote, siku nne, na fundi alikikataa mara mbili kabla ya kuridhika. Baada ya gari kukaguliwa, dada aliliendesha hadi Kongwa na kurudi. Alisema usukani umekuwa mwepesi mno kiasi kwamba kwa maili za kwanza alikuwa akikata kona kabla ya kona kufika. Vidole gumba bado anaviweka nje.