Mito ya Kamenge na Mimea ya Kingo Zake

Wahenga walisema kwamba maji hufuata mkondo. Methali hii twaifundisha kila mwaka, lakini aghalabu hatuwaulizi wanafunzi swali la pili: binadamu akiubadili mkondo, mimea iliyoutegemea itakwenda wapi? Kamenge, kaskazini ya jiji la Bujumbura, yatupa jibu.

Mtaa huu umekaa pale milima ya Mirwa inapokoma na uwanda wa Imbo unapoanza. Ntahangwa, Nyabagere na mito mingine midogo huteremka kwa kasi kutoka milimani, kisha hupunguza mwendo na kuutua mzigo wake wa mawe, changarawe na mchanga. Kwa desturi, mito ya namna hii huhamahama isipozuiwa. Kila inapohama huacha ardhi mpya: majani hutangulia, yakafuata matete, kisha vichaka, na hatimaye miti. Hivyo kando ya mto mmoja huishi mimea ya marika yote, na hiyo ndiyo siri ya wingi wa aina zake.

Watu wa Ulaya waliitambua siri hiyo baada ya kupata hasara. Tangu karne ya 19 mito mingi ya milima ya Alps ilinyooshwa na kubanwa kwa kuta. Kichaka ambacho wataalamu hukiita Myricaria germanica, kinachohitaji changarawe mpya ili kiote, kikatoweka katika sehemu nyingi. Hakikukatwa, kilikosa pa kuzaliwa.

Kwetu badiliko lilikuja kwa njia mbili. Uwandani, wakati wa utawala wa Wabelgiji na baada ya Uhuru wa 1962, yalifunguliwa mashamba ya pamba na mpunga, na maji ya mito yakaelekezwa mifereji. Uoto wa asili ukarudi nyuma. Hifadhi ya Rusizi, iliyoanzishwa mwaka 1980, ina vipande viwili tu: delta yenye matete na mafunjo, na eneo la mikoche. Mjini nako nyumba zilisogea hadi ukingoni, na mawe na mchanga vikachimbwa mtoni kwa ujenzi. Vilindi vikaongezeka, kingo zikawa wima, na mche mchanga haukupata tena mahali pa kushika mizizi.

Mto uliobanwa hulipiza. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua kubwa ilishuka, na mafuriko yakaipiga Kamenge na mitaa jirani. Watu zaidi ya 60 walipoteza maisha. Leo sehemu za Ntahangwa zina kuta za mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya. Kuta hizo huokoa nyumba, nasi hatuzibezi. Ila hazioti upya zikibomoka, kama yafanyavyo matete.

Sisi walimu wa lugha tuna fungu letu katika jambo hili. Mafunjo ya Kiswahili ni urufunzo kwa Kirundi: maneno mawili ya ukoo mmoja. Mmea ukitoweka, neno hubaki kamusini kama yatima. Basi tuwapeleke wanafunzi mtoni wakati wa kiangazi, waitaje mimea waionayo kwa lugha zote mbili, kisha wawaulize wazee mto ulipita wapi zamani. Hapo watakuwa wamesoma historia.