Maji yakiingia sebuleni: Kazi inayowasubiri waoshaji mazulia wa Tononoka

MVUA za masika zinapokiandama kisiwa cha Mombasa, waoshaji wa mazulia huhesabu hasara. Zulia lililosuguliwa asubuhi na kutundikwa ukutani linaweza kukaa siku tatu bila kukauka, na wateja wengi huona heri kungoja jua lirudi. Ajabu ni kwamba msimu huo huo ndio ambao nyumba huingiliwa na maji, mazulia yakalowa, milango ikavimba, na mwenye nyumba akabaki hajui amwite nani.

Kazi ya kukausha na kurejesha hali ya nyumba iliyoingia maji ni biashara kamili katika nchi nyingi. Kwa muoshaji mazulia wa Tononoka, wadi ya eneo bunge la Mvita iliyo karibu na Majengo, Buxton na Tudor na isiyo mbali na Mji wa Kale, hiyo ni hatua inayofuata kwa njia ya kawaida. Tayari ana wateja, ana gari au mkokoteni, na pengine ana mashine ya kufyonza maji.

Mvua za El Nino za mwaka wa 1997, mafuriko ya Pwani ya 2006, ya Mei 2017 na ya Novemba 2023 ndiyo yanayokumbukwa. Hata hivyo, si mafuriko makubwa yanayoweza kuilisha biashara hii mwaka mzima. Maji ya mfereji kisiwani huja kwa mgao. Mtu hufungua mfereji, akaukuta mkavu, akasahau kuufunga. Maji yakija usiku wa manane humkuta amelala au amesafiri. Boya la tangi la juu nalo likikwama, maji hushuka kwenye dari hadi kwa jirani wa chini. Ajali kama hizi hazingoji masika.

Tofauti kati ya kazi hizi mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kuosha zulia ni kuondoa uchafu unaoonekana. Kukausha nyumba ni kuondoa maji ambayo mengi yake hayaonekani: yaliyo chini ya zulia, ndani ya sakafu ya saruji, kwenye mguu wa ukuta na ndani ya makabati ya mbao za kubanwa. Uso wa zulia unaweza kuwa mkavu mkononi ilhali chini yake kuvu imeanza kuota, jambo linaloweza kutokea baada ya saa 24 hadi 48 tu. Kwa mtoto mwenye pumu hilo si suala la harufu peke yake.

Hapa ndipo mtu anapoweza kujikwaa, kwa kudhani kwamba feni na madirisha wazi vinatosha. Unyevu wa hewa ya Mombasa mara nyingi huzidi asilimia 70, na usiku wa masika hupanda zaidi. Kufungua dirisha wakati huo ni kukaribisha maji mengine ndani. Feni huyatoa maji zuliani na kuyatia hewani, lakini haiyatoi chumbani. Inahitajika mashine ya kupunguza unyevu hewani, chumba kikiwa kimefungwa, na ndoo yake imwagwe kila inapojaa. Mashine za aina hiyo zinazotumia ubaridi hufanya kazi vizuri zaidi penye joto na unyevu, kwa hivyo hali ya hewa ya Pwani, iliyo adui wa muoshaji, huzifaa. Kiyoyozi kilichomo chumbani nacho husaidia.

Lakini kabla ya mashine hiyo, anayeanza anunue kipimo cha unyevu. Ni kifaa kidogo cha kushikwa mkononi, nacho ndicho humwonyesha ukuta uliolowa na kumwambia siku ya kuondoka. Asiyekuwa nacho anabahatisha.

Taasisi ya IICRC ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka wa 1972, hugawanya maji haya katika makundi matatu, na mgawanyo wake unafaa hata hapa. La kwanza ni maji safi ya bomba. La pili ni yenye uchafu kiasi, kama ya mashine ya kufulia. La tatu ni majitaka na maji ya mafuriko yaliyopita barabarani. Maji safi yakiachwa siku kadhaa hushuka daraja. Penye shimo la choo lililofurika hakuna mjadala: godoro na sponji ya chini ya zulia hutupwa, hata mwenyewe akisihi kwamba jua litaviua vijidudu. Wafanyakazi wavae mabuti na glavu, kwani kipindupindu na magonjwa ya mkojo wa panya hukaa humo. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla ya mguu kukanyaga maji. Dawa ya klorini isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Tena klorini huliharibu zulia la sufu.

Upande wa malipo, bei ya kuosha kwa futi haifai. Kinachouzwa ni siku za mashine na ziara za kupima. Ikubaliwe mapema ni nani atalipia umeme, maana mashine huwashwa mchana na usiku, na itakuwaje stima ikipotea. Mteja mwenye bima apigiwe picha za hasara kabla ya kitu kusogezwa, na vipimo viandikwe kila siku. Mkadiriaji wa hasara atavitaka. Bima nyingi hulipia bomba lililopasuka ghafla, lakini hukataa unyevu uliopenya polepole kwa miezi. Muoshaji naye awakatie wafanyakazi wake bima, kama Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inavyomtaka mwajiri.

Nyumba za Mji wa Kale zinahitaji hadhari ya pekee. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji na kuyatoa taratibu. Fundi akiuziba kwa plasta ya saruji ili kuficha doa, unyevu hunasa ndani, chumvi husukuma plasta hadi ikabanduka, na ncha za boriti huoza mahali pasipoonekana. Huko kukausha huchukua wiki kadhaa badala ya siku, na plasta mpya iwe ya chokaa. Kwa kuwa mji huo ni eneo linalohifadhiwa kisheria, anayekusudia kubomoa au kubadilisha sehemu ya jengo sharti kwanza afike kwa afisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Kitaifa.