Taa ya Tanipu
Usiku wa tarehe 31 Oktoba, uitwao Halloween, ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Zamani, katika nyumba za wakulima wa Ayalandi na Uskoti, fedha zilikuwa haba. Basi michezo ya watoto ilitoka jikoni. Matufaha yalieleshwa katika beseni la maji, na mtoto akayawania kwa meno, mikono ikiwa nyuma. Tanipu, mboga ya mzizi iliyo ngumu, ilikombwa, ikatobolewa macho, ikatiwa mshumaa. Hapo wadogo, nadhani, walitazama tu, maana kisu si cha mtoto. Mwaka 1845 ugonjwa uliozesha viazi ulizuka, njaa ikaingia Ayalandi, na watu zaidi ya milioni moja wakahama, wengi wakielekea Marekani. Mchezo hawakuuacha. Huko walikuta boga, kubwa na rahisi kukomba kuliko tanipu.