Kasha la Sarafu ya Faru

Mwaka 1974 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa sarafu tatu za kumbukumbu kwa ajili ya hifadhi ya wanyamapori. Ya shilingi 25 ilikuwa na picha ya twiga, ya shilingi 50 faru mweusi, na ya dhahabu, ya shilingi 1500, duma. Upande wa pili ilikuwapo sura ya Mwalimu Nyerere. Hazikutengenezwa ili zinunulie sukari dukani. Zilikuwa za kuwekwa.

Sisi wa Karatu, tunaouona msitu wa Ngorongoro kila asubuhi, tunaguswa zaidi na ile ya faru. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa nayo. Kasha lake alilifanya la kuwekea ugoro, na hati ikapotea. Ada ya shule ya mjukuu ilipombana, aliipeleka sarafu mjini kwa sonara, naye akaitia kwenye mizani na kulipa bei ya fedha chakavu.

Msomaji ataniuliza, karatasi inaongeza nini kwenye madini? Kweli, mizani hutambua mengi. Sarafu hiyo ilipigwa kwa namna mbili: moja ya gramu 31.85, nusu yake tu ikiwa fedha halisi, na nyingine ya gramu 35, yenye fedha asilimia 92.5. Lakini mizani haisemi sarafu imetoka wapi.

Tazama sarafu ya tembo ya rupia 15, ambayo Wajerumani waliipiga Tabora mwaka 1916 katika karakana ya reli, kwa dhahabu ya Sekenke, wakati vita imewazingira. Haikuwa na kasha wala hati. Leo za bandia zipo, na anayetaka kununua iliyo halali sharti atafute bingwa aichunguze.

Na faru mwenyewe je? Katika miaka ya 1960 mtafiti John Goddard aliwatambua faru 108 wa Ngorongoro, mmoja mmoja, akawaandika. Ujangili ukaja, na katika miaka ya 1990 waliobaki kreta hawakufika 20. Bila maandishi yale tusingejua tumepoteza wangapi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Basi, uliye na sarafu ya namna hii kabatini, usiisugue kwa majivu, usilitupe kasha lake, na umwonyeshe mwanao hati ilipo.