Fremu Haina Ramani

Kwa mita ya umeme ya LUKU, Kariakoo ya Dar es Salaam ina majengo ya aina mbili tu: nyumba ya kawaida na ghorofa. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Hilo neno "kawaida" limebebeshwa mzigo mkubwa. Nyumba kuukuu ya vyumba sita inayosubiri kuvunjwa Mtaa wa Sikukuu ni ya kawaida. Jumba la Oysterbay lenye bustani, bwawa la kuogelea na geti la umeme, maadamu halina ghorofa, nalo ni la kawaida.

"Ghorofa" nayo ina vituko vyake. Mtu wa Dar akikuambia nyumba yake ni ya ghorofa moja, ana maana kuna chini na kuna juu mara moja. Ya chini haihesabiwi, ni "chini" basi. Kwa hiyo mwenye nyumba na mkusanya kodi wanaweza kusimama mbele ya jengo moja, mmoja akahesabu moja na mwenzake mbili, na wote wakawa wamesema Kiswahili fasaha. Nadhani ndiyo maana watu wa kodi wameliegemea neno "sakafu". Sakafu unaikanyaga, haina ubishi.

Kuligawa jiji kwa kutaja aina ya jengo si jambo geni. Mwaka 1891 Wajerumani walitoa amri ya ujenzi iliyoipasua Dar es Salaam kwa mitindo ya nyumba, na upande wa mashariki, kwenye upepo wa bahari, ukawekewa nyumba za Kizungu. Waingereza nao miaka ya 1920 wakaweka kanda tatu: ya kwanza ya makazi ya aina ya Kizungu, ya pili ya makazi na biashara, ya tatu ya wenyeji. Ujanja wote uko kwenye kanda ya kwanza. Haikumtaja mtu, ilitaja jengo. Hapakuwa na haja ya kuandika kwamba fulani haruhusiwi kuishi pale. Ilitosha kudai nyumba ambayo fulani hawezi kuigharamia. Watu wa mji hawakuhangaika na namba. Waliita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, yakaisha. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili Uhindini na Kariakoo visigusane. Leo tunaupenda kwa kivuli chake, na ni sawa, ila haukuachwa kwa ajili ya kivuli.

Kariakoo yenyewe ni jina la matumizi ya ardhi. Vita ya kwanza ya dunia ilipofika hapa, Waingereza waliweka kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, kwenye viwanja ambavyo Wajerumani walikuwa wamekwisha kuvipima. Wapagazi wakaondoka, matumizi yakabaki kuwa jina.

Juu ya viwanja hivyo ikasimama nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, baraza mbele, ua nyuma wenye jiko na choo. Ukimwuliza afisa wa mipango atakuambia hayo ni makazi. Lakini asubuhi barazani paliuzwa vitumbua, mchana fundi cherehani alikaa palepale, jioni wazee wakacheza bao, na chumba cha mbele kikatobolewa dirisha kikawa duka. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 na kanuni zake zinataka kila kiwanja kiwe na matumizi yaliyoandikwa, na ukitaka mengine uombe kibali cha kubadili matumizi. Ombi hilo lina maana mahali ambapo matumizi yamewahi kutulia kwenye chumba kimoja. Siku hizi ramani nyingi za Kariakoo huandikwa "makazi na biashara", na wataalamu hulitaja jambo hilo kama mtindo mpya. Bibi wa vitumbua angeshangaa.

Neno linaloendesha Kariakoo halimo kwenye hati, nalo ni fremu. Hakuna anayekwenda pale kutafuta jengo wala kiwanja, anatafuta fremu. Dalali anakutajia mtaa, Kongo au Aggrey au Narung'ombe, halafu anakuambia inatazama wapi, maana fremu ya mbele na fremu ya ndani ni bei mbili tofauti kabisa. Kisha kinatajwa kilemba, zile fedha za kumpisha aliyekuwemo, ambazo haziingii kwenye mkataba wa pango. Na fremu haina ukubwa maalumu. Ni mlango na nafasi nyuma yake. Inakatwa kwa mbao zikapatikana mbili, mwenye nayo anampangisha mwingine sehemu ya kabati, na ngazi inageuzwa stoo ya mzigo. Mipango inalijua duka, ambalo ni matumizi ya jengo. Fremu ni kipande kinachozaliana ndani ya jengo bila ramani kubadilika hata mstari mmoja.

Hapo ndipo msamiati unapogusa nondo. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024, likaua watu wasiopungua 29, mazungumzo ya mwanzo yalikuwa juu ya uchimbaji uliokuwa ukifanyika chini yake ili kupata nafasi zaidi ya biashara. Serikali ikaunda timu ya kukagua majengo ya eneo zima. Mkaguzi anaweza kuuliza jengo lina sakafu ngapi na matumizi yake ni yapi, akajibiwa kwa ukweli mtupu, bila kujua kwamba sakafu ya chini ina fremu nyingi kuliko zilizokuwapo mwaka jana, na kwamba kuna kuta zilizoondolewa kuzipisha.

Ningependa kanuni zilikubali neno hili, nalo Jiji, ambalo tangu 2021 ndilo limeirithi iliyokuwa Manispaa ya Ilala, lilitumie kwenye fomu zake. Ziseme fremu ni nini, upana wake usipungue kiasi gani, watu watokee njia ipi moto ukiwaka, na nani wa kuulizwa kabla ukuta kati ya mbili haujavunjwa. Kilemba ni kesi nyingine, na sidhani kama kuna mwenye fremu atakayetaka kiandikwe.