Kiswahili Katika Mipangilio ya Kompyuta

Lugha ya menyu, mpangilio wa tarehe, alama ya fedha na hesabu ya saa hubadilishwa ndani ya kompyuta ya mezani, mahali ambapo watumiaji wengi hawafiki. Katika Manispaa ya Sumbawanga na kata zake kama Mollo, vikao vya serikali za mitaa na masomo ya shule ya msingi huendeshwa kwa Kiswahili, lakini kompyuta kwa kawaida hufunguka kwa Kiingereza. Kiswahili kilikwisha kuingizwa katika mashine hizo tangu mwanzoni mwa karne hii. Kilichokosekana ni njia nyepesi ya kukifikia.

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na matumizi yake hayakuenea hadi masharti yalipolegezwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo kompyuta ndogo za mezani zilipoingia kwa wingi, lugha yake ilikuwa imekwisha kuchaguliwa na watengenezaji wa ng'ambo.

Katika Windows 95 mipangilio mingi ilikusanywa katika hazina moja ya ndani, ambayo mtumiaji wa kawaida hakutarajiwa kuigusa. Kiswahili kilipoongezwa baadaye kwenye orodha ya lugha na maeneo, kiliwekwa kama Kiswahili cha Kenya. Mtu wa Sumbawanga aliyekichagua alipewa pia fedha ya Kenya, na ilimbidi airekebishe kwa mkono. Menyu zenyewe zilibaki kwa Kiingereza, kwa kuwa orodha hiyo ilihusu tarehe, namba na fedha tu.

Mabadiliko makubwa yalianza mwaka 2004. Mradi wa Kilinux, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden, ulitafsiri programu huria ya ofisi na kuitoa Desemba mwaka huo kwa jina la Jambo OpenOffice. Kazi ilianzia kwenye faharasa, kwa sababu neno moja la amri hujitokeza katika visanduku vingi na lazima liwe lilelile kila mahali. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza mpango wa kutafsiri Windows na Office kwa Kiswahili.

Tafsiri ya Microsoft ilitolewa kama tabaka la kusakinishwa juu ya Windows ya Kiingereza. Sehemu zinazotumika sana ziligeuka Kiswahili, na zisizotafsiriwa ziliendelea kuonekana kwa Kiingereza. Katika mfumo huria wa Linux, lugha huandikwa kwenye faili la maandishi kwa alama sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania.

Vikwazo vilikuwa vingi. Tabaka la lugha lilipaswa kupakuliwa, ilhali nyaya za kwanza za baharini za intaneti ya kasi zilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, na nyanda za juu za Rukwa ziko mbali na pwani. Kulisakinisha kulihitaji ruhusa ya msimamizi wa mashine. Zaidi ya hayo, elimu ya sekondari hutolewa kwa Kiingereza, hivyo waliojifunza kompyuta shuleni walizoea majina ya Kiingereza na kuyaona ya Kiswahili kuwa mageni. Katika Windows za baadaye, kama Windows 10 ya mwaka 2015, lugha hupakuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mipangilio, ingawa bado ni lazima mtu aitafute.

Jambo moja halijapata mpangilio: saa ya Kiswahili. Kanzidata ya CLDR, inayosimamiwa na shirika la Unicode na kutumiwa na mifumo mingi, ina majina ya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Hata hivyo namba hufuata saa ya kimataifa, hivyo kompyuta huonyesha saa 7:00 asubuhi pale watu wanaposema saa moja. Kusogeza majira ya eneo kwa saa sita hurekebisha namba, lakini huvuruga tarehe: kalenda hugeuka saa kumi na mbili badala ya usiku wa manane, na kumbukumbu za mafaili hupotoka. Lugha ya menyu imepatikana. Hesabu ya siku ya Waswahili bado iko nje ya mashine.